Trekta Bondeni

Johana alikuwa mkulima mwerevu, lakini mwaka ule wa 1996 trekta lake lilimchanganya kabisa.

Alikaa karibu na Kaplong na mkewe, Chepkirui. Kila asubuhi majirani walileta mitungi ya maziwa langoni kwake. Yeye aliibeba kwa trekta hadi kituo cha maziwa. Jua likipanda kabla hajafika, maziwa huchacha.

Julai ilipofika, baridi ilikuwa kali. Trekta lililala kilimani, kando ya nyumba, ambako upepo huvuma usiku kucha. Asubuhi lilikohoa sana kabla ya kuwaka. Johana akaona adui ni upepo. Akaliteremsha bondeni, karibu na mto, mahali pasipo na upepo. Akalifunika kwa magunia, jinsi anavyofunika ndama aliyezaliwa usiku.

Mambo yakawa mabaya zaidi. Maziwa yalichelewa, yakachacha. Drusilla, mwenyekiti wa kikundi cha maziwa, alimwambia waziwazi:

"Johana, ukichelewa tena, tutampatia Kipyegon hii kazi. Yeye ako na punda. Punda haisumbui asubuhi."

Johana aliumia. Yaani ashindwe na punda!

Kesho yake asubuhi kulikuwa shwari. Hakuna jani lililotikisika. Johana alizungusha ufunguo. Injini ikalia polepole, ikanyamaza. Akazungusha tena na tena mpaka betri ikaisha nguvu.

"Mama Kimeli, mimi sielewi," alimwambia mkewe. "Jana upepo ulivuma hata huku, na ikawaka. Leo hakuna upepo, imekataa!"

"Labda imerogwa," Chepkirui akasema, akicheka kidogo.

Johana hakucheka. Alichukua makaa ya moto jikoni, akayaleta chini ya injini.

"Wee! Ondoa hiyo moto!" sauti ilisikika kutoka njiani. Alikuwa jirani yao Omwenga, ambaye hutunza jenereta ya hospitali. "Unataka kuchoma trekta na wewe mwenyewe? Hapo kuna dizeli!"

Johana aliyamwaga makaa mtoni. Aliona aibu, tena alikasirika.

"Sasa nifanye nini? Nimeificha kutoka kwa upepo. Nimeifunika kama ndama!"

"Ndama ana joto lake mwilini," Omwenga alisema. "Gunia linashika hiyo joto. Injini ikizimwa, inatoa joto gani? Inapoa tu. Upepo unaipoza haraka, ni kweli. Lakini hauwezi kuifanya iwe baridi kuliko hewa yenyewe. Ikilala mpaka asubuhi, itakuwa baridi kama hewa ya pale iko."

"Basi hapa na kule juu ni sawa."

"Si sawa."

Johana alishika kichwa. Ndipo Chepkirui akaangalia mashina yao ya chai pale bondeni. Majani yalikuwa yameungua kwa barafu, meusi. Ya juu kilimani yalikuwa ya kijani.

"Baba Kimeli," alisema polepole, "si chai huungua huku chini kila mwaka? Na ya juu haiungui!"

"Umeona!" Omwenga alifurahi. "Usiku kukiwa shwari bila mawingu, hewa baridi inateremka, inakaa bondeni kama maji. Upepo ukivuma, unaichanganya na hewa ya juu yenye joto kidogo. Ndiyo maana jana iliwaka."

Johana alitazama chai, akatazama trekta. Miaka yote hakuwahi kupanda mboga pale kwa kuogopa baridi hiyo. Lakini trekta alilileta palepale!

Omwenga aliendelea. Dizeli haiwashwi na cheche. Huwashwa na joto la hewa iliyobanwa ndani ya injini. Injini ikiwa baridi, joto hilo halitoshi. Oili huwa nzito, na betri hupungua nguvu.

"Huwa unapasha joto kwanza?" aliuliza.

"Wapi?"

Omwenga alimwonyesha alama kwenye swichi. "Peleka ufunguo hapa, ngoja kidogo. Kanyaga klachi. Halafu piga starta kwa muda mfupi. Ikikataa, pumzisha betri, rudia."

"Mimi nilifikiri hiyo ni ya taa!"

Chepkirui alicheka mpaka akakaa chini.

Siku hiyo maziwa yalibebwa na punda wa Kipyegon, na Drusilla akakubali kwa shingo upande kumpa Johana nafasi moja tu. Johana alipeleka betri ichajiwe. Akasafisha vichwa vyake vya kufungia nyaya, akaweka oili inayofaa baridi. Jioni alilipandisha trekta kilimani.

Alfajiri upepo ulivuma vibaya. Johana alipasha joto, akangoja. Akakanyaga klachi, akapiga starta. Injini ikanguruma mara moja.

Kituoni, Drusilla alifungua mtungi, akaonja.

"Ni mazuri," alisema. "Kesho utabeba tena. Lakini tuambie, umeipatia hiyo trekta dawa gani?"

"Nimeirudisha kwa upepo," Johana alijibu.

Wote waliokuwepo walimkodolea macho. Naye, kwa furaha kubwa, akaanza kuwaeleza.