Hina Isiyo na Maua

Siku ile Doyo alimwiba mwanamke mchana kweupe, katikati ya soko la Isiolo, na mji mzima ukiangalia.

Alikuwa ametoka Garbatulla na lori la mbuzi, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, mgongo unamuuma kama umepigwa rungu. Alichotaka ni chai tu. Lakini karibu na lango la soko aliona watu wamefanya duara, na ndani ya duara, juu ya mkeka, amelala mwanamke. Alivaa dera la kijani na mtandio wa zambarau. Macho yalikuwa yamezama ndani ya fuvu. Midomo imepasuka, nyeupe. Ngozi ya mikono imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Na watu walisimama pale wakitafuna karanga!

Doyo hakuuliza kitu. Uso ule alikuwa ameuona mara moja maishani, na mara hiyo moja ilimtosha.

"Pisheni! Mtu anakufa na nyinyi mnatafuna? Hamna mama nyinyi?"

Akamnyanyua yule mwanamke, akamweka begani, akaanza kukimbia kwenda kwenye lori.

"Niweke chini," mgonjwa akanong'ona.

"Usiongee, dada. Usimalize nguvu. Hospitali si mbali."

"Abo! Niweke chini, mimi ni mzima! Huu ni mchezo wa afya!"

"Wote husema hivyo," Doyo alijibu, huku anahema. "Homa ikipanda mtu husema yeye ni mzima."

Ndipo mgonjwa akamshika sikio, akalivuta kwa nguvu ambazo hakuna mgonjwa duniani amewahi kuwa nazo. Nyuma yao soko lote lilikuwa linakufa kwa kicheko. Mtu wa ofisi ya afya, aliyeshika kipaza sauti, akatangaza, "Wananchi, huyo mwenye lori hayumo kwenye mchezo wetu!"

Doyo akamshusha. Akaangalia shati lake. Begani kulikuwa na masizi meusi yaliyochanganywa na mafuta, na vipande vya kitu kama ngozi ya nyoka. Kumbe ni gundi ya mti wa mgunga, iliyokauka na kubanduka. Macho yale yaliyozama yalikuwa yanamcheka.

Lakini yeye hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya lori, akafunika uso na viganja.

Yule mwanamke akaacha kucheka. Akachuchumaa mbele yake, na uso wake wa maiti.

"Pole," akasema. "Ni nani uliyemwona?"

"Mke wangu. Madina. Mwaka wa kipindupindu."

"Hakufika hospitali?"

"Angefika na nini? Ambulansi ilikuwepo, bibi. Ilikuwa imeenda Meru kubeba viti vya harusi ya binti wa mkubwa mmoja. Mimi nilikuwa safarini. Walimweka kando ya barabara kwenye mkeka kama huu wako, wakangoja. Niliporudi nilimkuta anakata roho." Akajifuta uso na mkono. "Leo wanatuletea mchezo sokoni, eti tunawe mikono. Tunawe na nini? Mfereji unatoa upepo."

Mwanamke yule aliitwa Gumato. Kazi ya kutengeneza vidonda aliipata pale wazungu wa sinema walipokuja Ngaremara kupiga picha zao za vita. Aliajiriwa kupika, lakini bibi mmoja wa kupaka watu rangi akamwona ana mkono mwepesi, akampa kazi ya kukoroga damu. Wazungu walipoondoka na makopo yao, Gumato alibaki na ujuzi bila vifaa. Basi akajitafutia vyake. Alivuta ngozi ya mtu, akaipaka gundi ya mgunga, akaiachia ikauke. Ikajikunja kama ya mzee. Sukari aliichemsha ikawa nzito kama damu mbichi. Unga wa ngano na mafuta ndiyo nyama iliyochanika. Mume aliyekuwa naye alimwacha, akisema mke anayepaka watu damu lazima ana mashetani.

Baada ya siku chache alimtafuta Doyo kwenye hoteli ya Sadia, pale madereva hunywa chai.

"Wewe mwizi wa wagonjwa," alimwambia, akiwa amesimama. "Nina swali. Nilifanana naye?"

Madereva wengine wakaacha kunywa. Sadia mwenyewe, birika mkononi, akamtolea Gumato macho. Lakini Doyo alisogeza kiti.

"Macho, ndiyo," akasema. "Mdomo, hapana. Umeweka weupe mwingi, mpaka ukawa kama mtu aliyelamba unga. Mdomo wake ulikuwa wa majivu. Na vidole, hapa kwenye kucha, vilikuwa na buluu."

"Buluu ya namna gani?"

Alimweleza. Tangu azike mke wake hakuwa amemweleza mtu yeyote, hata imamu. Watu walimpa pole na kumwambia ni amri ya Mungu, kana kwamba Mungu ndiye aliyebeba viti kwenda Meru. Huyu peke yake aliuliza rangi ya kucha. Doyo alipomaliza, chai ilikuwa imepoa na kifua kimepata nafasi kidogo.

Mapenzi yao yalianzia hapo, yakakulia kwenye simu ya duka la Abdisalan. Doyo akipeleka mifugo Nairobi, humpigia kutoka huko. Abdisalan alikuwa akipaza sauti mpaka msikitini: "Gumato! Mwizi wako yuko hewani!"

"Salaam aleikum, mgonjwa wangu."

"Aleikum salaam. Umekula?"

"Nimekula vumbi la Nanyuki. Wewe umeua wangapi leo?"

"Nimevunja mguu wa mwalimu na kumchoma moto karani. Karani amelalamika, eti hakuungua vizuri."

"Nami nikirudi utanifanya nini?"

"Wewe uso wako hauhitaji rangi, roho yangu. Umeshagongwa na Mungu."

"Wallahi nitakata simu!"

"Kata. Nani atakupigia mwingine?"

Wakacheka, na watu wa simu wakawakatia, kama kawaida yao.

Lakini neno lenyewe, la kumwoa, Doyo hakulisema. Kila akirudi alipanga kulisema, na kila mara uchovu ulimshika ulimi. Aliogopa kuwa na mtu wa kungojea gari tena. Na huku nyuma mfanyabiashara mmoja wa ngamia kutoka Garbatulla alikuwa ametuma wazee wa posa kwa mjomba wa Gumato. Mjomba alitaka jibu. Gumato alilichelewesha leo, akalichelewesha kesho, akimngoja dereva afungue mdomo.

Mvua ikaja, ikavunja barabara. Ile barabara wakubwa huifungua kwa hotuba kila uchaguzi na haijawahi kuona lami. Doyo alikwama Biliqo na lori lake, tope mpaka kwenye ekseli. Hakuna simu, hakuna habari. Siku alipoingia Isiolo, hakwenda hata kuoga. Alikwenda moja kwa moja mpaka duka la Abdisalan, neno limemjaa mdomoni.

Gumato alikuwa pale kaunta, amempa mgongo, ananyoosha mikono kupokea pakiti ya sukari. Na mikono ile ilikuwa imeiva hina. Nyekundu, iliyokolea, kutoka kwenye kucha mpaka juu ya viganja.

Doyo alisimama kama ameona nyoka. Idd ilikuwa imepita zamani. Mwanamke asiye na mume hapaki hina hivihivi, ampakie nani? Mji mzima unajua hivyo, na Doyo alijua pia. Akakumbuka maneno ya watu kuhusu yule wa Garbatulla. Ameolewa. Wamemwoza nikiwa nimekwama kwenye tope.

Akageuka.

"Doyo?" Gumato alimwona. "Doyo! Abo, njoo!"

Alikwishapanda lori. Akaliondoa kwa hasira, mbuzi wa watu wakaruka pembeni. Simu ya Abdisalan haikumsikia tena.

Wakati huo ofisi za wakubwa zilikuwa na kazi kubwa. Mgeni alikuwa anakuja kutoka Nairobi kutazama jinsi Isiolo ilivyojiandaa kwa maafa. Basi ikapangwa ajali ya uongo kwenye uwanja wa mpira, na ambulansi ikapakwa rangi mpya. Lori la kugongwa lilihitajika, na tajiri wa Doyo, mtu wa kupenda kuonekana na wakubwa, akatoa lake pamoja na dereva wake.

Ndivyo Doyo alivyojikuta asubuhi moja amepanga foleni na majeruhi wenzake kando ya ukuta wa uwanja. Mwisho wa foleni, kwenye kigoda, na kopo la unga mapajani, alikaa Gumato. Dera jeupe, mtandio mweusi, mikono bado myekundu.

"Salaam aleikum," Doyo alisema, akiangalia chini.

"Aleikum salaam, dereva. Kaa. Wewe ni maiti."

"Maiti? Hata kuvunjika mguu sifai?"

"Dereva hufa kwanza. Si mimi niliyepanga, ni ofisi. Inua kidevu."

Akaanza kazi. Alimbandika unga kwenye paji la uso, akaulainisha pembeni mpaka ukashikana na ngozi, akaupasua katikati kwa kijiti. Vidole vyake vilikuwa baridi. Doyo alivumilia mpaka akashindwa.

"Hongera," akasema.

"Ya nini?"

"Ya harusi."

Kijiti kikasimama. "Harusi ya nani?"

"Gumato, mimi si kipofu. Hiyo mikono."

Gumato akaweka kijiti chini. Kisha akachukua kopo dogo la pili, akalisogeza chini ya pua yake. Ndani kulikuwa na tope jekundu jeusi. "Nusa. Hiki ni nini?"

"Hina."

"Hina na masizi na sukari. Damu mbichi natengeneza kwa sukari na rangi. Damu iliyokauka natengeneza kwa hina. Nakanda toka mwezi uliopita, mchezo mwingine wanataka watu ishirini wenye damu kavu, mimi mikono ninayo miwili." Akaviweka viganja mbele ya macho yake. "Tazama vizuri, bwana usiye kipofu. Maua yako wapi?"

Hapakuwa na ua hata moja. Hapakuwa na mstari. Kulikuwa na madoa tu, mazito kwenye kidole gumba na viwili vya kukandia, na mahali ilipomwagika kwenye kifundo ikaacha mchirizi.

"Bibi harusi gani huyu," Gumato alisema, "aliyepakwa na adui yake? Ulinibeba mzima bila kuuliza kama ni mgonjwa. Ukaniacha bila kuuliza kama nimeolewa. Doyo, huo mdomo wako ni wa chai tu?"

"Na yule wa Garbatulla?"

"Mjomba anampa jibu Ijumaa. Mimi nimechoka kumwambia kesho."

Filimbi ikalia. Mtu wa ofisi akaja mbio: maiti aende mahali pake, mgeni amefika.

Doyo akalala chini, kando ya lori lake, akafumba macho. Majeruhi wakaanza kupiga kelele. Na hapo hapo, kabla hajapata hata kumeza mate, akasikia king'ora. Ambulansi ilikuwa imefika. Safi, inang'aa, mafuta yamejaa tangi. Wakamwinua kwa machela, taratibu, kama yai. Gumato akapanda naye, maana ofisi ilitaka vidonda vifike hospitali bado vizuri.

Mlango ukafungwa. Doyo akafumbua macho, akaangalia paa jeupe la gari. Hakuwahi kujua ndani yake kulivyo.

"Usilie," Gumato alinong'ona. "Unaniharibia kidonda."

"Imekuja, Gumato. Imekuja mbio hivi. Kwa kidonda cha unga."

Gumato alimfuta machozi kwa ncha ya mtandio, akaacha mkono wake pale shavuni. Doyo akaushika, akauangalia, madoa yote. Alikuwa amechoka. Alichoka na barabara, alichoka na wakubwa, na zaidi ya yote alichoka kunyamaza.

"Hii hina," akasema. "Umeiweka mikononi tu."

"Basi?"

"Paka na miguu."

King'ora kilikuwa kinalia. Gumato aligeuza uso upande wa dirisha, mabega yakitikisika, na Doyo hakujua kama analia au anacheka.

"Maiti haongei," akasema mwishowe.

"Nijibu, nife vizuri."

"Mwambie mjomba. Kabla ya Ijumaa, na kwa huo huo mdomo. Mimi sitakuongelea."

Hospitalini wakubwa walikuwa wamejipanga na suti zao. Mgeni akafunua shuka, akainama kumtazama maiti, akakunja uso.

"Mbona huyu anacheka?"

"Amekufa hivyo hivyo, bwana," Gumato alijibu.

Wakapiga makofi. Wiki iliyofuata ambulansi ilionekana imebeba magunia ya makaa ya mtu, na mfereji wa soko bado ulitoa upepo. Lakini nyumbani kwa mjomba, Gumato alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha mbele, na Sadia anamchora ua la kwanza juu ya kifundo.

"Na hii mikono michafu?" Sadia aliuliza. "Tuisugue kwanza?"

"Iache," Gumato alisema. "Hiyo ndiyo anayoijua."