Mchumba Wangu Aliniachia Bahari

"Gerson, simama! Nimekwama!"

Nikabonyeza redio ya gari tena. "Gerson, magurudumu yote manne yamezama. Maji yanakuja!"

Gari lake lilikuwa mbele yangu, si mbali. Taa za breki zikawaka. Akasimama. Nikamwona akigeuza kichwa kututazama...

Kisha taa zikazimika, na gari likaondoka!

Wasomaji wangu, hapa Walvis Bay kila mtu ameshaisimulia hadithi hii kwa namna yake, hadi mimi mwenyewe siitambui. Kwa hiyo nitasema nilichokiona na nilichokisikia. Basi.

Naitwa Emgardine. Nilisomea viumbe wa baharini, na kazi yangu ni kutembeza wageni. Asubuhi tunakwenda kwa mashua kuangalia sili, ndege aina ya mwari na pomboo. Mchana tunafuata ufukwe kwa gari hadi Bandari ya Sandwich, ambayo ni bandari kwa jina tu, kisha tunapanda matuta ya mchanga.

Kampuni ilikuwa yetu wawili, mimi na Gerson, mchumba wangu. Yeye alileta gari lake, mimi langu. Tulikubaliana wenyewe kwamba asiye na gari hana sehemu. Na hatuingii kule na gari moja, kwa sababu moja likikwama, la pili ndilo linalovuta.

Kumbuka hilo la kuvuta.

Siku hiyo tulikuwa na wageni wawili tu, mzee Dietmar na mkewe Hannelore. Asubuhi ilikwenda vizuri. Pomboo walituzunguka, na sili dume mmoja alipanda mashuani akatukoromea kana kwamba tumekalia kiti chake. Hannelore alicheka hadi akashika mbavu.

Mchana wazee wakapanda gari langu. Gerson akatangulia na chakula, pamoja na Magrieta, binamu yangu, aliyekuwa akituandalia chakula hicho. Magrieta nilimfundisha mwenyewe kufungua chaza.

Kuna sehemu ambapo matuta yanashuka moja kwa moja hadi baharini. Maji yakijaa, ufukwe haupo. Na siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida.

Wimbi lilikuwa limeshafuta alama za magurudumu ya Gerson. Nilibaki na neno lake tu.

"Shuka karibu na maji, mpenzi," alisema redioni. "Huku juu mchanga ni laini sana."

Nikashuka. Gari likazama hadi tumboni!

Yaliyofuata mmeshayasikia. Alinitazama, akaenda zake.

Nikajiambia labda anatafuta pa kugeuzia. Nikasubiri. Redio ikalia, nikashusha pumzi.

Lakini hakuwa anazungumza na mimi.

"Je, akifa?" Ilikuwa sauti ya Magrieta.

"Hafi. Atawapandisha wazee juu ya tuta, anajua kazi yake. Bahari itachukua gari tu."

"Halafu?"

"Halafu narudi kuwaokoa. Nitalia kidogo."

"Wewe bana, hata kulia hujui!"

Wakacheka... wakacheka sana!

"Bila gari hana sehemu," Gerson akasema. "Kiti chake utakikalia wewe, mrembo."

Nilielewa mara moja. Kipaza sauti cha redio yake kilikuwa kimebanwa mahali, kitufe kimebonyea, na yeye hajui. Kwenye redio zetu mmoja akiwa hewani wengine wote hatupati nafasi. Simu kule hazishiki mtandao.

Nilikuwa na redio nzima mkononi, na siwezi kuomba msaada kwa sababu mchumba wangu anamtongoza binamu yangu!

"Wanasema nini?" Dietmar akauliza. Lugha yetu haijui.

"Wanajadili chakula cha mchana," nikamjibu. "Tushuke, mzee. Tupande tuta sasa hivi."

Nikawapandisha, nikarudi kwenye gari. Nikapunguza upepo kwenye magurudumu, nikachukua koleo, nikaanza kuchimba. Mlango nilikuwa nimeuacha wazi, kwa hiyo niliendelea kuwasikia.

"Kila kitu anataka ushahidi yule," Gerson alikuwa anasema. "Ukimwambia unampenda, anakutazama kama anasubiri takwimu!"

"Maskini Gardi! Na vile viatu vyake vya kiume!"

Nilichimba kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Wimbi la kwanza likafika kwenye gurudumu la nyuma. La pili likajaza shimo nililotoka kulichimba. La tatu likapiga mlango, nikaanguka magotini ndani ya maji ya baridi. Nikasimama, nikaendelea. Gari lile ndilo lililokuwa jina langu kwenye kampuni. Sikuwa tayari kuiachia bahari, wala kumwachia Magrieta!

Ndipo Hannelore akapiga kelele kutoka juu, akionyesha kilele cha tuta.

Magari matatu yalikuwa yanateremka! La kwanza lilikuwa la mjomba Zagarias, mshindani wetu, mtu ambaye tumegombania naye nafasi ya kuegesha pale bandarini tangu nianze kazi.

"Profesa!" akafoka kabla hajafungua mlango. "Acha kuchimba kama bweha, funga kamba!"

Nikafunga. Magari mawili yakavuta pamoja. Langu likanguruma, likatikisika... likatoka!

Nikamuuliza, "Mjomba, umejuaje niko hapa?"

"Nani asiyejua? Ghuba nzima inamsikiliza mchumba wako! Mpishi wangu ameacha chaza juani, anasikiliza huku analia."

Nilisimama pale natiririka maji. Muda wote nililaani ile redio kwa kunifunga mdomo. Kumbe ndiyo iliyokuwa inaniombea msaada, kwa mdomo wa Gerson mwenyewe!

Tukapandisha magari kwenye mchanga mgumu. Haukupita muda, Gerson akatokea upande wa pili. Aliruka nje, machozi tayari machoni.

"Mpenzi wangu! Nilidhani nimekupoteza! Redio yangu haikushika kitu kabisa!"

Papo hapo, kutoka kwenye redio za magari yetu yote manne, kwa mpigo, ikatoka sauti ya Magrieta, aliyebaki ndani ya gari la Gerson:

"Yesu wangu... mbona gari lake halijazama?"

Machozi ya Gerson yakakauka palepale. Aliangalia redio yangu. Akaangalia ya Zagarias. Akaangalia gari lake.

Nikaenda kwenye dirisha la gari hilo. Kipaza sauti kilikuwa kimebanwa kati ya kiti na breki ya mkono. Nikakichomoa, nikamwekea Gerson mkononi.

"Malizia," nikamwambia. "Wanakusikiliza."

Zagarias akacheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Niliwapakia wageni wangu, nikawafikisha mjini salama.

Wanaoniuliza kama nimemsamehe, jibu ni hapana. Gari langu niliondoka nalo, na sasa naendesha msafara na mjomba Zagarias. Bado tunagombana kila asubuhi.

Dada zangu, kaka zangu, anayekupenda usimpime kwa anavyokuita mpenzi ukiwa kwenye barabara nzuri. Mpime siku umekwama na taa zake za breki zimewaka. Tazama kama atarudi nyuma.