WALISEMA UMEME NDIO ULIOMUUA MUME WANGU

"Muuaji ndiye huyo! Amemchoma mwanetu na umeme mpaka akafa!"

Nyie... maneno hayo niliambiwa kaburini kwa mume wangu. Jeneza hata halijafukiwa!

Aliyesema ni baba mdogo wa marehemu, mzee Jilala. Alinivuta mkono kunirudisha nyuma, mbele ya watu wote wa Zagayu, kijijini kwao. Hata konzi ya udongo sikuruhusiwa kutupia.

Nikamtazama mama mkwe wangu, Mayu Kwandu; mayu ni mama kwa Kisukuma. Alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka nilipo. Akainamisha kichwa, kimya.

Na mimi nikanyamaza. Nilijua kabisa kilichomuua Masele wangu... ila sikuweza kusema!

Naitwa Eufrasia, wa hapa hapa Bariadi. Ngoja niwasimulie, na anayetaka kunitukana anitukane akishamaliza kusoma.

Masele alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Jitu la miraba minne, na kwenye kula ndo usiseme! Ugali wa watu watatu anaumaliza peke yake, halafu anauliza, "Frasia, leo umepika au umeonjesha?"

Kiharusi kikampiga mchana kweupe, akiwa kazini. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukapinda. Ila kilichonimaliza ni koo. Maji tu ukimpa, anakohoa mpaka macho yanamtoka. Hospitali wakamwekea mpira wa puani, uji ukawa unapita humo.

Mtu wangu wa ugali analishwa kwa bomba la sindano! Nililia mimi.

Ndipo tukampata dada Violeth, mtaalamu wa mazoezi ya kumeza. Alikuwa na kamashine kadogo kama simu ya batani, kana nyaya zenye vibandiko. Anambandika Masele shingoni, chini ya kidevu, anawasha.

"Unasikiaje, kaka?"

"Kama... sisimizi," Masele akajibu kwa ulimi mzito.

"Basi ukiwasikia hao sisimizi, wewe meza. Meza kwa nguvu!"

Akanieleza kwamba ule umeme ni mdogo sana, unaamsha misuli ya koo iliyolala. Hauponyi wenyewe tu, lazima mgonjwa afanye zoezi la kumeza huku unapita. Na kuna ambao hauwasaidii.

Masele ulimsaidia. Siku alipomeza kijiko cha uji mzito bila kukohoa, mimi na Violeth tulikumbatiana kama tumefunga goli!

Violeth akatupa sharti.

"Uji mzito tu, kijiko kidogo, akiwa amekaa wima. Maji, maziwa, mlenda, marufuku! Vitu vinavyoteleza vinawahi kuingia mapafuni kabla koo halijafunga njia."

Wakati huo huo Mayu Kwandu akaja kutoka Zagayu kumuuguza mwanawe.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia Kisukuma.

Hakuitikia. Macho yake yote yalikuwa kwenye ule mpira.

"Mwanangu mnamlisha kama ndama aliyefiwa na mama yake?"

"Ni kwa muda tu, mayu."

"Na umeme shingoni? Umeme unaua dume la ng'ombe, sembuse mtu!"

Nikaenda naye hospitali akaone mwenyewe. Akamwona mwanawe anameza uji. Weee! Alipiga vigelegele koridoni mpaka nesi akatoka kumnyamazisha. Nikafurahi, nikajua mama kaelewa.

Kumbe yeye alichoelewa ni kwamba koo limeshafunguka, basi kazi imeisha.

Siku moja nikaenda sokoni, nikamwacha Masele na mama yake. Wakati narudi, nasikia kikohozi kuanzia getini. Nikatupa kapu, nikakimbia!

Masele kaegemezwa mto, nusu kalala. Ndevu zote mlenda. Sahani ya ugali iko mapajani kwa mama yake.

"Mayu! Umempa nini?"

"Kapaliwa kidogo tu. Mlenda unateleza, ng'wanawane, unapita wenyewe. Nimempa mwanangu chakula cha kwao."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini jamani... Masele alikuwa anatabasamu! Kwa ule mdomo uliopinda, anatabasamu kama mtoto. Kikohozi kikatulia. Nikamfuta ndevu, nikamwomba mama asirudie tena.

Asubuhi akaamka na homa, anahema kama katoka mbio.

Hospitali daktari hakuzungusha maneno. "Chakula kimeingia mapafuni. Hali siyo nzuri."

Mayu tulikuwa tumemwacha kwenye benchi, nje ya wodi. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Kitanda kilizungushiwa pazia, na Masele akaushika upindo wa kitenge changu.

"Frasia... mama asijue."

"Asijue nini?"

"Kwamba ni chakula chake. Ataishije? Niapie."

"Masele, utapona wewe, acha maneno ya..."

"Niapie!"

Nikaapa. Hakuzungumza tena, na siku chache baadaye akanitoka nikiwa nimemshika mguu.

Mama aliponiuliza mwanawe kafa na nini, nilimjibu, "Mapafu, mayu." Sikuongeza neno. Mzee Jilala alipoona sielezi, akapata jibu lake mwenyewe. Umeme!

Nikafukuzwa msibani. Mtaani nikaitwa Mama Umeme. Hata Violeth maskini, watu wakaanza kuwatoa wazee wao kwake, wanarudi nao nyumbani bila tiba. Nikanyamaza tu, kwa sababu nilimwapia mtu anayekufa. Nilirudi kwa mama yangu mzazi, nikawa nalia bafuni huku maji nimeyafungulia asisikie.

Pamba ya mwaka uliofuata ikiwa shambani, simu yangu ikaita. Mzee Jilala!

"Mkamwana..." Akasita. "Mama yako Kwandu kaanguka. Mdomo umepinda, hamezi. Tuko naye hospitali, hapo Bariadi."

"Violeth yupo?"

"Yupo. Ila mama hataki ile mashine. Akibandikwa, anabandua. Anakutaja wewe tu."

Nikajua anaogopa ule umeme wa uongo, ambao mimi kwa kunyamaza kwangu nimeuacha ukawa kweli. Nikisema, navunja kiapo cha Masele. Nikinyamaza, mama yake anakufa na njaa. Nikapanda bajaji hivyo hivyo.

Nikamkuta amekonda, mpira puani. Violeth kasimama na vibandiko mkononi. Mzee Jilala hakuthubutu kuniangalia usoni.

"Mayu," nikaanza, "umeme haukumuua Masele. Usiuogope. Kilichomuua ni..."

Mayu hakuningoja nimalize.

Akanishika kwa ule mkono wake mzima. Akasema kwa shida, neno moja moja.

"Mlenda... wangu."

Nikainama nimsikie vizuri.

"Nilikuwa... nyuma ya pazia. Nilisikia... akikuapisha."

Nyie! Alijua! Pale kaburini, watu wananiita muuaji, alijua! Mwaka mzima mtaa unanitemea mate, alijua!

"Mayu... ulisikia ninavyotukanwa, ukanyamaza?"

Machozi yakamtiririka mpaka sikioni.

"Niliogopa watu. Umeme... siuogopi. Sitaki kumeza. Mkono huu ndio uliomuua."

Mzee Jilala aliteremka ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni, mzee mzima na fimbo yake.

Sasa hapo mngefanya nini? Semeni ukweli! Kuna sauti iliniambia, "Mwache, si anataka mwenyewe?" Niliisikia vizuri kabisa. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mama yule siku ile. Na hapo hapo ananiangalia kwa macho ya Masele wangu, yale yale!

"Violeth, bandika."

Mama akainua mkono azuie. Nikaushika.

"Utameza, Mayu! Hufi ukaniachia jina hili. Utameza, utapata nguvu, halafu utasimama Zagayu useme kwa mdomo wako. Ukishasema, ndio ufe unavyotaka!"

Safari hii hakubandua.

Alipambana, siwezi kumnyima haki yake. Sisimizi wakianza, anafumba macho anameza. Na kwenye misa ya kumbukumbu ya Masele alisimama, mzee Jilala kamshika kwapa, akasema yote mbele ya wale wale walionifukuza. Mdomo bado umepinda, lakini kila mtu alimwelewa.

Wengine walilia. Wengine wakaja kunishika mkono, "Tusamehe, mkamwana." Mzee Jilala alipiga magoti.

Nilidhani nitafurahi, jamani. Sikufurahi.

Niliwaza kitu kimoja tu. Masele alitumia pumzi zake za mwisho kumlinda mama yake asijue, na mama yake yuko nyuma ya pazia anamsikia. Kama angevuta lile pazia, wangeagana. Mtoto angekufa mama yake anajua kasamehewa. Na mimi nimebeba jina la muuaji kwa ajili ya siri ambayo aliyefichwa alikuwa anaijua tangu mwanzo!

Ndugu zangu, mgonjwa akikohoa kila akimeza, usimlishe kwa huruma. Muulize mtaalamu kwanza, na akikataza chakula, usidhani kakosa upendo. Na wewe unayejua ukweli huku mwenzako anasulubiwa, sema leo. Aibu yako utaizoea, ila wafu hawarudi kuagwa upya.

Najua mtaniuliza kwenye komenti kama nimemsamehe.

Jana nilimkalisha wima, nikamlisha uji mpaka bakuli likaisha. Akaniambia Kisukuma, "Wabeja, ng'wanawane." Asante, mwanangu.

Sikumjibu. Nilimfuta mdomo, nikatoka nje nikalia.