Mlo Ambao Mama Hakuuona

Asubuhi za likizo, Chiriku aliamshwa na pumzi za baba yake. Baba alikuwa akiinama kufunga kamba za viatu, na kazi hiyo ndogo ilimtoa jasho kama mtu aliyebeba gunia la saruji. Alifunga kiatu kimoja, akapumzika, ndipo akafunga cha pili. Kisha alijikohoza na kusema kwa uchangamfu, "Haya, msaidizi wangu. Kazi haitufuati kitandani."

Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani wote walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa darasa la sita. Baba yake alikuwa mchoraji wa mabango: majina ya maduka, matangazo ya viatu, maandishi ya kuta za shule. Likizo ikifika, Chiriku alifuatana naye. Alishika ncha ya uzi wa chaki baba alipopiga mstari ukutani, aliosha brashi, na alishikilia ngazi baba alipopanda.

Miezi michache kabla ya hapo, daktari wa zahanati alikuwa amempima baba na kumwambia ana kisukari. Alimpa vidonge, akamwambia pia kwamba dawa peke yake haitoshi; lazima apunguze uzito. Mtaalamu wa lishe, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliwaeleza baba na mama habari za kalori. "Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula," alisema. "Mwili hutumia kiasi unachohitaji. Kinachobaki huwekwa akiba, na akiba hiyo ndiyo mafuta ya mwilini." Alimpangia baba kiwango cha kutwa, akamwambia asikipite.

Mama alilishika jambo hilo kwa mikono miwili. Alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, na kama alivyokuwa haachi kunjo kwenye kola, hakuacha kosa kwenye sahani ya baba. Wali aliupima kwa kikombe, mafuta aliyapima kwa kijiko. Shida ilikuwa mchana, kwa kuwa baba alikula mkahawani.

"Chiriku, wewe ndiye jicho langu," mama alimwambia. "Baba yako akila, tazama. Jioni uniambie ni nini na ni kiasi gani, nami nitakisia."

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Baba aliagiza wali kidogo, maharage na mboga za majani. Alikula taratibu huku akitazama sahani za majirani kama mtoto aliyenyimwa peremende. Lakini siku moja walipokuwa wakichora ukuta wa duka la matairi, waliingia katika mkahawa wa jirani. Hewa yote ya mle ndani ilinukia kukaanga. Mhudumu alipokuja, baba alitazama mlangoni, akashusha sauti.

"Chipsi na kuku wa kukaanga," alisema. "Na soda. Na saladi pia, tule kiafya."

Chiriku alimvuta mkono wa shati. "Baba, mama alisema..."

"Leo tu, mwanangu. Kwani hii ni ngapi? Mia tano, mia sita. Viazi ni mboga, au shuleni hawakuwafundisha?" Baba alicheka, na Chiriku akacheka naye. Saladi ilikuja imezama katika mchuzi mzito mweupe. Kuku aling'aa. Chini ya chipsi, sahani ilikuwa na kidimbwi cha mafuta. Baba alipomaliza aliagiza aiskrimu moja, akaisukuma mbele ya binti yake.

"Hii ni yako. Mama yako ana mawazo mengi, tusimwongezee."

Aiskrimu ilikuwa tamu. Jioni, mama alipouliza, Chiriku alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Wali kidogo, maharage na mboga."

Mama alikunja vidole akihesabu, akatabasamu. "Mia tano hivi. Mungu atatusaidia, atapungua."

Siku ya pili "leo tu" ilirudi, na siku iliyofuata, na nyingine. Chiriku alizoea kutunga jibu njiani, akibadilisha mboga ili uongo usichakae. Aiskrimu nazo ziliendelea kuja. Lakini utamu wake ulianza kupungua, kwa sababu macho yake yaliona mambo ambayo mdomo wake haukuruhusiwa kuyasema.

Aliona baba akisimama katikati ya ngazi na kuegemeza paji la uso ukutani. Aliona akinywa maji chupa baada ya chupa, na kiu isimwishe. Pete ya ndoa ilizama katika nyama ya kidole hata sabuni haikuweza kuitoa. Na baba, ambaye mistari yake ilikuwa imenyooka kama imepigwa rula, alichora neno MATAIRI likateremka upande wa mwisho kama linateleza. Mwenye duka la matairi, bwana mnene wa maneno machache, alilitazama kwa muda mrefu.

"Fundi," alisema, "macho yako mazima?"

"Mazima. Jua tu," baba alijibu, na akalifuta.

Jua lilikuwa limejificha nyuma ya mawingu tangu asubuhi.

Siku ya kurudi zahanati ilifika. Chiriku alikaa kwenye benchi la chumba cha daktari, kati ya baba na mama, mlango ukiwa wazi nusu kwa ajili ya joto. Daktari alimpandisha baba kwenye mizani, akasoma, akamwomba ashuke na apande tena. Kisha alisoma kipimo cha damu.

"Uzito umepanda," alisema. "Sukari imepanda zaidi. Mama, chakula mnafuata kama mlivyoelekezwa?"

"Kila siku, daktari. Asubuhi na jioni napika mwenyewe. Mchana binti yetu huniambia alichokula. Hajawahi kupita kiwango."

Daktari alimgeukia Chiriku. Hakumtazama kwa ukali. Alimtazama kwa kumwamini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ni kweli, binti?"

Baba alikuwa akitazama vidole vyake. "Ndiyo," Chiriku alisema.

"Basi dawa hii haimtoshi," daktari alisema polepole. "Nitaongeza kiasi. Na nitataka vipimo vya figo na moyo, maana mtu anayekula hivi hapaswi kunenepa. Huenda kuna jambo tusilolijua. Sikiliza, fundi: dawa hizi zina nguvu. Ukizinywa, usiruke mlo hata mmoja, la sivyo sukari itashuka kupita kiasi. Umenielewa?"

"Nimeelewa," baba alisema.

Jioni ile Chiriku alimkuta mama jikoni, maji ya kuoshea vyombo yakiwa yamepoa mbele yake. "Kuna ugonjwa umejificha ndani ya baba yako," mama alisema bila kugeuka. "Mimi nauona. Suruali niliyoipanua kiunoni mwezi jana, leo haifungi. Mtu anakula kama ndege na anavimba. Sijui tumfanyeje." Mabega yake yalianza kutikisika.

Chiriku alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga. Lakini nyuma yake baba alipita koridoni na kukohoa, na maneno yakarudi chini. Ugonjwa uliojificha aliujua. Alikuwa ameuficha yeye.

Asubuhi iliyofuata baba hakufanya utani. Alimeza vidonge vipya, vingi kuliko vya zamani, akasukuma mbali mkate na yai ambavyo mama aliviacha mezani kabla ya kwenda kazini.

"Baba, daktari alisema usiruke mlo."

"Nimekula vya kutosha siku zote hizi, mwanangu. Nimemwona mama yako jana akilia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Leo nafunga mdomo. Kesho pia. Uzito ukishuka, yote haya yatakwisha na hakuna atakayejua."

Walirudi kwenye duka la matairi kumaliza bango. Mchana ulifika, harufu ya mkahawa ikavuka barabara, lakini baba hakushuka hata kunywa maji. Chiriku alishikilia ngazi. Tone lilimwangukia mkononi, akadhani ni rangi. Lilikuwa jasho, na lilikuwa la baridi.

"Baba?"

Alipoinua macho aliona magoti ya baba yakitetemeka, na ngazi nzima ikitetemeka nayo. Brashi ilianguka ikamchafua bega. Kisha kopo la rangi likafuata, likapasuka kwenye saruji, na rangi nyekundu ikasambaa mpaka miguuni pake.

"Baba, shikilia. Usiachie."

Baba alisema kitu, lakini hakikuwa neno. Alikuwa ameukumbatia ukuta kama mtu asiyejua yuko wapi. Chiriku alijua akiiacha ngazi itateleza. Asipoiacha, hakuna atakayesikia. Basi akatumia kitu pekee alichokuwa nacho. Alipiga kelele kwa pumzi zake zote. Mwenye duka alitoka mbio na vijana wake wawili. Mmoja alipanda, wengine wakapokea chini, na fundi wa mabango akashushwa kama mzigo wa tairi, macho wazi, hamtambui mtu.

Walimpeleka zahanati kwa gari la kubebea matairi. Chiriku alikaa nyuma, kichwa cha baba mapajani. "Ongea nami, baba," alisema njia nzima. Baba alimwita kwa jina la shangazi yake aliyekwisha kufa.

Muuguzi alimchoma baba kidole, akatazama kipimo, akakunja uso. "Sukari imeshuka vibaya," alimwambia daktari. "Lakini jana sukari ya huyu ilikuwa juu."

Daktari aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Chiriku. "Binti, amekula nini leo?"

"Hakuna. Hajala kitu."

"Na jana? Na siku zote za nyuma? Nataka ukweli. Mimi natibu kwa kile ninachoambiwa. Nikiambiwa uongo, mkono wangu ndio unaomwumiza."

Chiriku alitazama mikono yake. Rangi nyekundu ilikuwa imekaukia kwenye kucha. Mlangoni mama, aliyeitwa na kijana mmoja wa duka la matairi, alikuwa ndiyo kwanza anafika, akihema, kitambaa cha kazini bado kiunoni.

"Chipsi," Chiriku alisema. "Kuku wa kukaanga, soda, saladi yenye mchuzi mweupe. Karibu kila siku. Nilimdanganya mama. Nilikudanganya na wewe, daktari. Baba alininunulia aiskrimu, nami nikanyamaza."

Mama aliegemea ukuta.

Baba alipewa maji ya sukari kidogo kidogo, kisha dripu, na polepole macho yake yakarudi kuwa yake. Jambo la kwanza aliloliona ni mkewe, na la pili ni binti yake, akilia bila sauti.

"Usimlaumu mtoto, mama Chiriku," alisema. "Mimi ndiye niliyemtwika. Niliona aibu kushindwa na sahani ya chakula, nikamfanya abebe aibu yangu."

"Baba Chiriku," mama alijibu, "mimi nilikuwa naomboleza ugonjwa ambao haupo. Ungeniambia una njaa, ningekupikia. Ungeniambia umeshindwa, tungeshindwa wote kisha tungeanza upya."

Daktari alirudisha dawa kwenye kiasi cha kwanza. Mtaalamu wa lishe alikuja, akavuta kiti. Baba alimweleza kwamba alikisia sahani ile kuwa mia tano au sita.

"Macho hayaoni mafuta, fundi," mtaalamu alisema. "Kijiko kikubwa kimoja tu cha mafuta kinapita kalori mia moja, na chipsi na kuku huyanywa mengi. Ongeza soda, ongeza mchuzi wa saladi. Sahani hiyo inapita elfu kwa urahisi. Mkahawani kisia juu, usikisie chini. Uliza kimepikwaje. Wali usizidi ngumi yako, nyama isizidi kiganja, mboga zijaze nusu ya sahani. Mchuzi waulete pembeni. Kikizidi, wakufungie uende nacho nyumbani. Na usijinyime chakula ili kulipia kosa la jana."

Wiki zilipita. Kupona hakukuwa kwa haraka. Kuna siku mizani haikusogea hata kidogo, na kuna siku baba alikuwa mkali kama pilipili. Lakini kiu ilipungua, na vipimo vya figo na moyo vilirudi salama.

Siku moja karibu na mwisho wa likizo, baba na Chiriku waliingia mkahawani tena. Baba aliagiza samaki wa kuchoma, wali na mboga. Wali ulipokuja, aliweka ngumi yake kando ya sahani, akaugawa, akamwomba mhudumu afunge nusu. "Mia sita," alisema. "Tuseme mia saba, tusijidanganye." Kisha, mhudumu alipogeuka, alichukua vipande viwili vya chipsi kwenye sahani ya Chiriku, akavila haraka.

Jioni mama aliuliza, "Haya, mchana mmekula nini?" Alikuwa akimtazama Chiriku kwa mazoea.

Chiriku alimgeukia baba yake.

Baba alivuta pumzi. "Nitasema mwenyewe," alisema. Akataja samaki, wali, mboga, akataja na vipande viwili vya chipsi alivyoiba.

Mama alihesabu kwa vidole, akaongeza vipande viwili, na hakukasirika. Alimvuta Chiriku karibu.

"Umeona, mwanangu? Hesabu hii si kubwa sana, na mtu mkweli hashindwi kuibeba. Watu husema mficha maradhi, kifo humfichua. Nasi tulikaribia kufichuliwa. Ukimpenda mtu, usimfichie kinachomuua, hata akikuomba. Hata akiwa ni baba yako."

Baba aliitikia kwa kichwa, akavuta sahani yake, na wote watatu wakaanza kula.