Mtoto Asiyetajwa

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua dirisha la chumba cha mbele, akafuta vumbi kwenye cherehani yake, akakaa. Lakini hakushona. Vitambaa vya wateja vilizidi kurundikana kwenye kiti. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Plasta kwa kazi yake ya kupiga plasta nyumba za watu, alikunywa chai harakaharaka, akaaga kwa sauti ya chini, akaondoka. Zamani alikuwa mcheshi. Alipenda kujisifu kwamba kuta zake zimenyooka kuliko tabia za majirani. Sasa utani wote ulikuwa umekwisha.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa akiwa amekufa. Mama alikuwa hoi hospitalini, hajitambui, Plasta na ndugu zake walipokwenda kumzika. Fundi aliporudi nyumbani alikuta nguo za mtoto zimeshaondolewa kabatini. Shangazi yake Plasta alikuwa ameagiza jambo hilo lisitajwe kabisa, ili mama asizidi kuumia. Waumini wenzake walikuja kumpa pole. Walimwambia Mungu huwachukua anaowapenda, wakamhimiza aombe sana, atapata mwingine. Walisema kwa nia njema, lakini kila neno lilimchoma.

Akaacha kwenda kanisani. Usingizi ukampaa, chakula kikamshinda. Mwishowe alifunga mizigo yake, akamwambia mumewe kwamba anarudi kwa mama yake.

Plasta hakubishana. Alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji, saruji ikiwa bado viatuni, akamsihi aje amwombee mke wake abadili nia.

"Kuomba tutaomba," mchungaji alisema. "Ila kwanza tutamsikiliza. Na wewe pia tutakusikiliza."

Mchungaji alikuja pamoja na Mama Viatu, mzee wa kanisa aliyekuwa akiuza viatu sokoni. Kanisa lilikuwa limemfundisha kuwashauri wenye huzuni. Fundi aliwakaribisha shingo upande, akijua atahubiriwa. Hakuna aliyehubiri. Mama Viatu alimweleza kwamba maneno yake hayatatoka humo chumbani bila ruhusa yake, labda tu kama uhai wa mtu uko hatarini. Kisha akamwuliza ni kitu gani kinachomuuma zaidi.

"Nimemkasirikia Mungu," fundi alisema hatimaye, akangoja kukemewa.

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nitamwambiaje Mungu maneno kama hayo?"

Mchungaji alifungua Biblia ya fundi kwenye Zaburi ya kumi na tatu, akampa asome. Humo mtu anamwuliza Mungu atamsahau mpaka lini. Fundi alisoma polepole, akarudia. Biblia hiyo alikuwa akiibeba kila Jumapili, wala hakujua kwamba ndani yake watu wanamlalamikia Mungu waziwazi namna hiyo. Mchungaji alimweleza kwamba kulia mbele za Mungu si kukosa imani. Anayemlilia bado anazungumza naye.

Fundi akainua macho, akamgeukia mumewe.

"Alifanana na nani?"

Plasta aliangalia sakafu.

"Alikuwa msichana," Plasta alisema. "Nywele nyingi. Paji la uso ni lako kabisa. Nilimbeba mwenyewe mpaka makaburini. Sikutaka mtu mwingine ambebe."

"Nilidhani hukujali."

"Nilidhani nikikaa kimya, utapona upesi."

Akalia, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Mkewe akahamia upande wake.

Mizigo ilifunguliwa, lakini kazi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Waliendelea kukutana na mchungaji na Mama Viatu, wakisoma Neno na kujifunza kuambiana ukweli. Mama Viatu alimpeleka fundi kwa daktari kwa ajili ya usingizi na chakula, akisema kutibiwa hakupunguzi imani. Naye mchungaji, bila kutaja nyumba ya mtu, aliwafundisha waumini namna ya kukaa na mfiwa: uliza, sikiliza, osha vyombo, usikimbilie kutoa majibu.

Siku moja fundi alivaa viatu, akamwambia mumewe ampeleke makaburini. Shangazi akasimama mlangoni.

"Utajiumiza, mwanangu."

"Nimeshaumia, shangazi. Sasa nakwenda kumwona binti yangu."

Shangazi akampisha. Kisha akachukua mtandio wake, akawafuata.

Pale kaburini fundi alimwambia Mungu yote, hasira na uchungu, bila kuchagua maneno. Halafu wakampa mtoto jina, wakalitamka kwa sauti, wote watatu.

Cherehani ilirudi kulia, na kiti kikabaki wazi kwa wageni. Jirani mmoja alipofiwa na mtoto, watu walijaa kwake wakimwambia anyamaze, ajikaze. Fundi alipenya katikati yao, akakaa chini karibu naye, akamshika mkono.

"Niambie habari zake," alisema. "Aliitwa nani?"