Anwani ya Ishirini

Ofisi ilikuwa na kompyuta kumi na tisa, na nyaya kumi na tisa zilizoingia kwenye kisanduku kimoja ukutani kinachoziunganisha. Tundu la ishirini halikuwa na waya. Siku ya tatu sasa taa yake ilikuwa ikipepesa.

Fundi wa mtandao alikuwa amechoka, mwanamke wa watu. Mtandao ulikuwa mzito tangu taa ile ianze, na bosi kamkaba koo: haondoki mtu mpaka uwe mwepesi. Nyumbani, bintiye wa miaka minane, waliyemwita Chiriku kwa kutofunga mdomo, alilala na homa peke yake. "Saa tisa nitakuwa nimefika," alimwahidi. Sasa ilikuwa saa kumi na nusu jioni.

Kompyuta hazizungumzi ovyo. Inayotaka kusema na mwenzake huanza kwa kupiga mbiu kwa zote: nani mwenye anwani fulani? Mwenyewe huitika, ndipo maneno hukatwa vipande na kutumwa. Fundi alipochungulia kwenye kompyuta yake ya mkononi, alikuta mbiu moja, maelfu kwa maelfu: *Nani mwenye anwani ya ishirini?* Anwani hiyo haikuwa ya yeyote.

Akachomoa nyaya moja moja ili amjue mpiga mbiu. Alipobakiza waya wa kompyuta yake tu, mbiu iliendelea.

"Fundi, hujaenda tu?" mama wa usafi alinong'ona mlangoni. "Humu mnanuka udongo mbichi. Na leo nimepiga deki mara mbili."

"Kuna kitu kinaita, mama. Kisipojibiwa hakinyamazi."

"Kiache kiite. Bibi yangu alikuwa akisema, ukiitwa na humwoni anayekuita, meza ulimi."

"Bibi yako hakuwa na bosi."

Mama wa usafi hakucheka. Alichukua ndoo yake akaondoka.

Kuna ujanja wa mafundi wavivu, na wa mafundi waliochoka: kuipa mashine yako ile anwani inayotafutwa, iitike, kelele ziishe. Fundi akaandika ishirini. Mashine yake ikaitika: *Mimi hapa.*

Mbiu ikakoma. Alishusha pumzi, akaanza kukusanya vitu vyake, na ndipo ile harufu ya udongo ikamjaa puani, taa zote za kisanduku zikawaka kwa pamoja ingawa nyaya zilikuwa zimelala sakafuni, na kwenye skrini ikaja mbiu mpya, ikafuatwa na nyingine na nyingine, na hata alipochomoa waya wa mwisho, akazima mashine na kung'oa betri, maandishi yalibaki palepale: *Nani mwenye jina la Chiriku?*

Akapiga simu nyumbani.

"Chiriku, nisikilize. Ukisikia unaitwa, usiitike!"

"Lakini mama," mtoto alinong'ona, sauti imekauka kwa homa, "si uko jikoni? Umeniita weee, mpaka nikaitika."

Nyuma ya mtoto, mlango ulifunguliwa taratibu. Kisha fundi akaisikia sauti yake mwenyewe, imechoka vilevile, ikisema, "Nimefika, mwanangu. Kata simu."