Ugonjwa wa Dada Restituta

Mwezi wa tatu kule milimani Litembo, anayengoja jua limwamshe atavuna njaa. Ni mwezi wa kuchimba ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayoizuia mvua isiteremke bondeni na udongo wote. Ottilia, msichana wa darasa la sita, alikuwa akipanda mlima na mama yake alfajiri, anachimba kidogo, kisha ananawa miguu kijitoni na kukimbilia shule.

Baba yake, mzee Urbani, alikuwa amekwisha kufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari iliyokatana. Kilichobaki kilikuwa kuchimba katikati ya mistari na kuzifukia nyasi kwa udongo, kisha kupanda maharage. Kazi hiyo ni ya wanawake, na mteremko kama ule hauishi kwa majembe mawili. Kwa hiyo mama aliwaalika majirani waje ngokela siku ya Jumamosi, wachimbe pamoja, wale pamoja.

Majembe yalikuwa matatu, kusema kweli. Dada Restituta alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu wiki ile, na begi lake, katikati ya muhula. Wanafunzi walikuwa wamegoma kupinga ada mpya, chuo kikafungwa, wote wakarudishwa makwao. Baba alipolisikia hilo alimkataza asionekane barabarani.

"Chimba kule juu nyuma ya miti," alisema. "Sitaki maswali ya watu."

Lakini Litembo si mahali pa kuficha mtu. Siku ya Ijumaa, wakati wa mapumziko, Emerensiana, rafiki yake Ottilia, alimuuliza mbele ya wenzao, "Eti dada yako kafukuzwa chuo kwa kurusha mawe?"

Wengine wakaangua kicheko. Ottilia alihisi masikio yakiwaka moto. Alimpenda dada yake kuliko mtu yeyote, na ulimi wake ukatangulia akili.

"Mwongo mkubwa! Dada anaumwa. Ana malaria kali, hata kuamka hawezi. Wamempa ruhusa aje atibiwe nyumbani."

Kicheko kilikatika. Ottilia alirudi darasani kifua mbele, akidhani ameshinda. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba mwongo mwenyewe huwa wa mwisho kujua.

Emerensiana alimweleza mama yake. Jioni ile, baada ya Njia ya Msalaba, wanawake walimwombea Restituta kanisani. Mama yake Ottilia hakuwapo, alikuwa nyumbani akikoroga togwa ya wageni wa kesho. Na kwao, nyumba yenye mgonjwa mahututi haiendewi na majembe. Ni kama kumchimbia mtu kaburi naye bado anapumua.

Jumamosi asubuhi mama alisimama uani akiwasubiri wachimbaji. Wakaja, tena wengi, lakini polepole, kanga zimefungwa viunoni, bila jembe hata moja. Mmoja alibeba unga, mwingine ndizi, na mama Walburga, jirani wa karibu, alimkumbatia kuku.

"Pole sana, mama Restituta," mama Walburga alisema kwa sauti ya chini. "Mgonjwa ameamkaje?"

"Mgonjwa gani?" mama aliuliza.

Kabla hajajibiwa, Restituta alishuka kutoka shambani, jembe begani, matope hadi magotini, akiimba. Alipowaona watu aliteremsha jembe. Kuku peke yake ndiye aliyepata la kusema.

"Shikamooni, mama zangu," Restituta alisalimu.

"Marahaba. Tumeambiwa unakufa kwa malaria," alisema mama Walburga. "Ottilia ndiye aliyesema."

Macho yote yalimgeukia Ottilia. Baba alitoka ndani, amesikia kila kitu. Alikata fimbo kwenye ua bila kuuliza swali.

"Mimi siumwi," Restituta alisema haraka, akisimama mbele ya mdogo wake. "Nimerudishwa kwa sababu tuligoma, na sikurusha jiwe. Tulikaa chini mbele ya ofisi za chuo tukakataa ada mpya. Mama zangu, kahawa yetu siku hizi anaipangia bei yule mnunuzi anayekuja na gari lake. Mbolea tunanunua bila nafuu yoyote. Sasa na masomo nayo wayauze? Mkulima gani wa mlima huu atamsomesha mtoto wake? Nilikataa, na kesho nitakataa tena!"

"Ee, binti," alidakia baba mdogo Sixtus, ndugu yake Urbani, aliyekuwa amefuatana na mkewe. "Tumekusomesha ukagombane na wakubwa?"

"Mmenisomesha nijue kuhesabu, baba mdogo. Nimehesabu."

Wanawake kadhaa walicheka. Baba hakucheka. "Ottilia, njoo hapa," alisema. "Nyumba hii hatulei mwongo."

Ottilia alianza kulia. Restituta hakusogea.

"Baba, unamchapa kwa kusema uongo?"

"Ndiyo."

"Na Jumatatu unanipeleka ofisi ya wilaya Mbinga, kama kila mwanafunzi alivyoagizwa kwao, nikaseme nilidanganywa na wenzangu, niwataje, ili nirudishwe chuoni. Hakuna aliyenidanganya, na wewe unajua. Uongo wangu utanichapia lini?"

Mzee Urbani alibaki na fimbo mkononi mbele ya jirani zake wote. Alimtazama binti mkubwa, akamtazama mdogo. Aliona aibu, nayo ilionekana wazi usoni. Akaitupa fimbo.

"Rudini mkachukue majembe," aliwaambia wanawake. "Mgonjwa amepona."

Siku ile walichimba hadi mteremko wote ukajaa mashimo. Ottilia alichimba bila kupumzika, akimwomba radhi kila aliyepita karibu yake.

Jumatatu baba na Restituta waliteremka Mbinga. Ofisa aliyewapokea aliitwa Bibi Asnath, mtumishi aliyehamia kutoka mkoa mwingine.

"Nani alikudanganya?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Niligoma kwa akili yangu."

"Jibu hilo litakupotezea chuo. Mzee, mshauri binti yako."

"Nimekwisha kumshauri," alisema Urbani. "Hilo analosema ndilo shauri langu."

Miezi ikapita, na nyumbani hakuna aliyejua kama Restituta atarudi chuoni au atazeekea shambani. Lakini wenzake kila mkoa walikataa vilevile kutajana, na chuo hakiwezi kufundisha kuta. Kahawa ilipoanza kuiva, wote waliitwa warudi, na ongezeko la ada likasimamishwa kwa mwaka ule.

Siku ya kumsindikiza dada yake, Ottilia alisimama na baba kando ya barabara hadi gari likapotea kwenye kona.

"Baba, nilidanganya kwa sababu walimcheka," alisema. "Nilitaka kumtetea."

"Najua. Na mimi nilimficha nyuma ya miti, nikidhani namtetea. Tulikosea wote wawili." Baba alimshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Ndugu yako akitenda haki, usimtafutie ugonjwa. Wakicheka, waache wacheke. Wewe simama useme: ni kweli, alifanya, na mimi ni mdogo wake."